Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Tarehe 28 Desemba 2025 kibanda cha video hapa kambini kilijaa mpaka watu wakakalia madumu ya maji. Mambas, timu yetu ya taifa, walikuwa wanacheza na Gabon kule Moroko, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Tukashinda 3-2. Kwa msomaji asiyefuatilia mpira niseme tu kwamba Msumbiji iliingia mashindano hayo kwa mara ya kwanza mwaka 1986, na toka hapo haikuwahi kushinda hata mechi moja. Siku ile ndiyo ya kwanza. Wazee walilia. Mwenye jenereta akatangaza kwamba mafuta ya leo ni sadaka, hamdai mtu.

Siku nane baadaye, tarehe 5 Januari, tukakutana na Nigeria. Mechi ilikuwa ya usiku. Kibanda kilifungwa, na aliyekifunga ni mimi.

Niko kwenye kamati ya usalama ya kambi. Zamani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini kwetu, na Jumapili nilikuwa mwamuzi wa mpira. Nadhani ndiyo maana watu waliniona nafaa kusimamia amri. Mwaka 2025 mashambulizi yalirudi hata Mocímboa da Praia mjini, mahali ambapo tulikuwa tunaambiwa pametulia. Kamati ikakubaliana: giza likiingia, hakuna mkusanyiko. Basi jioni ile nikaenda kibandani, nikamwambia mwenyewe afunge.

Mtoto wa dada yangu akanifuata njiani. "Mjomba," akasema, "kule Moroko wanalinda uwanja mzima ili watu waone mpira. Huku sisi tunalindwa kwa kunyimwa mpira. Huo ulinzi gani?" Nikamjibu kwa ukali kwamba yeye bado mtoto. Usiku ule tukafungwa 4-0, na asubuhi wapo waliokuja kunishukuru kwa utani kwamba nimewaepusha na aibu. Lakini swali la mpwa wangu halikuwa utani, na usingizi ulinikataa.

Hapa najaribu kumjibu, nikichelewa kama kawaida ya sisi wajomba.

*

Kombe hilohilo sasa linakuja kwa jirani. Septemba 2023, CAF iliwapa Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa AFCON ya 2027, kwa ombi walilolipa jina la Pamoja. Agosti 2025 nchi hizo tatu zilijipima kwa kuandaa CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani: mechi ya kwanza Dar es Salaam, fainali Nairobi, nyingine Kampala na Zanzibar. Kasarani, mashabiki wasio na tiketi walivamia mageti, na CAF ikaamuru idadi ya watazamaji ipunguzwe. Kwa hiyo kazi ya kulinda bado wanajifunza, na wanajua kwamba 2027 dunia itakuwa inawatazama.

Siku hizi mashindano ya namna hiyo hayaandaliwi na watu wa mpira peke yao. Wanakaa mabalozi, wakuu wa polisi, watu wa uhamiaji na wa usalama wa taifa. Wanapeana majina ya wanaotafutwa, wanakubaliana nani apite na nani asipite. Interpol, tangu mwaka 2012, ina mradi mzima unaoitwa Stadia, kazi yake kukusanya maarifa ya kulinda mashindano makubwa na kuyagawa kwa nchi wanachama. Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, Uturuki ilipeleka polisi zaidi ya 3,000 kwenda kusaidia ulinzi katika nchi isiyo yao. Mpira umeshakuwa shughuli ya kibalozi.

Wapo hapa kambini wanaosikia mambo hayo wakatema mate chini. Wanasema: kwa mgeni wa mwezi mmoja serikali tano zinakaa meza moja, na kwa sisi tunaoishi humu hofu mwaka wa tisa sasa, kila meza ina kiti kitupu. Naelewa hasira hiyo, maana hata mimi ninayo. Lakini sitaki kuanzia hapo, kwa sababu hasira hiyo inaweza kutufanya tuseme jambo la uongo, yaani kwamba ulinzi wa mpira ni anasa ya wakubwa. Si kweli.

*

Tarehe 11 Julai 2010 ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia, Hispania na Uholanzi, Johannesburg. Uwanja ulilindwa vizuri na watu wakaenda nyumbani salama. Waliokufa walikuwa Kampala. Walikuwa wamekaa uwanja wa raga wa Kyadondo na mkahawa wa Ethiopian Village, wakitazama fainali kwenye skrini. Mabomu yaliua watu 74. Al-Shabaab ya Somalia ilisema ni kazi yake, kisasi kwa sababu Uganda ilikuwa na majeshi Mogadishu.

Mtu anayetaka kuua wengi kwa mara moja hutafuta mahali ambapo watu wamesahau kuogopa, na mpira unasahaulisha. Sisi wa Cabo Delgado hatuhitaji kufundishwa hilo. Novemba 2020 habari zilizosomwa dunia nzima zilisema zaidi ya watu 50 walikatwa vichwa kwenye uwanja wa mpira wa Muatide, wilaya ya Muidumbe. Waliofanya hivyo ni hao tunaowaita Mashababu, ingawa si wale wa Somalia. Uwanja wa kijiji, usio na jukwaa wala nyavu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mahali watu wanapokusanyika kwa furaha panahitaji kulindwa, sina ubishi naye.

Ila Kampala ina somo la pili. Duara la ulinzi lilichorwa kuzunguka watu wenye tiketi. Lakini mpira haukai uwanjani. Unafika kila penye skrini, kwenye baa ya Kampala, kwenye kibanda chetu cha matete. Waliokufa Kyadondo walikuwa kwenye mashindano kama yule aliyekaa jukwaani Johannesburg, ila wao walikuwa nje ya duara. Nikimwangalia mpwa wangu amekalia dumu la maji, naye naona yuko kwenye mashindano, na yuko nje ya duara.

Somo la tatu lilikuja taratibu, na halizungumzwi sana. Baada ya mabomu nchi zilishirikiana haraka. Watu walikamatwa Kenya na Tanzania wakapelekwa Uganda. Wengine walivushwa mpaka bila kupitishwa kwa hakimu, na Mahakama Kuu ya Kenya mwaka uleule ilisema kwamba kumpeleka mmoja wao kwa njia hiyo kulivunja sheria. Kesi ikaenda mpaka Mei 2016. Wako waliotiwa hatiani, na kwa haki. Wafu wale walistahili kesi. Lakini watano mahakama haikuwakuta na hatia yoyote. Walikuwa wamekaa mahabusu karibu miaka sita. Ukiuliza ushirikiano ule ulifanikiwa, utaambiwa ndiyo. Waulize na wale watano.

*

Sasa nije kwetu, mto Ruvuma.

Nataka nimtendee haki jirani. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka kutoka upande wetu wakashambulia Kitaya, kijiji cha mkoa wa Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Hofu ya Tanzania haikuwa ya kutunga. Mwezi uliofuata wakuu wa polisi wa nchi hizi mbili walikutana Mtwara wakatia saini makubaliano ya kupambana na ugaidi pamoja. Mwaka 2021 wakaja askari wa Rwanda, wakaja wa SADC, Tanzania ikiwemo. Tarehe 8 Agosti 2021 Mocímboa da Praia, iliyokuwa mikononi mwa Mashababu mwaka mzima, ikarudishwa. Kama leo kuna mtu anavua samaki pwani hii na kuuza, ni kwa sababu nchi zilishirikiana. Anayesema ushirikiano wa usalama ni maneno ya mikutano tu, aje tumwonyeshe makaburi ya kabla yake.

Lakini katika mwaka huohuo wa 2021 kulikuwa na safari nyingine. Tarehe 24 Machi Palma ilishambuliwa. Watu walikimbia kwa mashua, kwa miguu, wengi kaskazini, kwenda mtoni. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, lilisema kwamba katika nusu ya kwanza ya mwaka ule watu zaidi ya 9,600 walirudishwa Msumbiji kwa nguvu kutoka Tanzania, kupitia Negomano. Kwa asiyepajua, Negomano ndipo lilipo Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 kuunganisha nchi mbili. Watu walivushwa kurudi kwenye vita hapo, penye jina hilo.

Nikilisema hili kwa wazee wetu wanatikisa kichwa, maana wao wanakumbuka kinyume chake. Baada ya mauaji ya Mueda, tarehe 16 Juni 1960, na katika miaka yote ya vita vya ukombozi, watu wa Cabo Delgado walivuka mto huohuo wakapokewa. FRELIMO yenyewe ilizaliwa Dar es Salaam, tarehe 25 Juni 1962. Kule Lindi kulikuwa na makazi ya Rutamba, watu wetu wakalima huko. Wakati ule pia kulikuwa na hatari. Wareno walikuwa na ndege na majasusi, na kati ya waliovuka hawakukosekana wapelelezi. Tanganyika, na baadaye Tanzania, ilikuwa maskini kuliko leo. Ila iliweza kumtofautisha anayekimbia na anayemkimbiza.

Na mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa mwaka 1969, ambao Tanzania na Msumbiji zote zimo, unakataza kumzuia mtu mpakani au kumrudisha mahali ambapo maisha yake yatakuwa hatarini. Hausemi "isipokuwa kuna wageni". Hausemi "isipokuwa kuna mpira".

Hofu ya watu wa kambi yetu kuhusu 2027 ni hiyo hasa. Hakuna anayechukia kombe. Wanaogopa kwamba kabla ya wageni kufika patasafishwa, na katika kusafisha, mtu mwenye Kimwani mdomoni na bila karatasi mfukoni ataonekana ni taka.

*

Hapa ningeweza kumaliza, na makala ingekuwa ya kulalamikia serikali, na wengi wangesema mwalimu kasema kweli. Lakini nilifanya jambo ambalo linanizuia kuwanyooshea wengine kidole kirahisi.

Tarehe 25 Juni 2025 Msumbiji ilitimiza miaka 50 ya uhuru. Hapa kambini tuliandaa mashindano ya mitaa, fainali siku hiyohiyo, zawadi mbuzi. Wageni walialikwa: watu wa utawala, wafanyakazi wa mashirika, viongozi wa dini, regulo. Kamati ya usalama tulikaa siku mbili kupanga. Nani akae wapi, gari zipite wapi, nani asimame kwenye njia ya kuingilia uwanjani. Nikatoa wazo, na wazo langu likapita bila kupingwa: watu waliofika kambini wiki ile, ambao majina yao bado hayajaandikwa, wasisogee uwanjani mpaka sherehe iishe. Nilisema kwa upole. Nilisema ni kwa faida yao pia.

Mchana alikuja kijana wa miaka kama kumi na saba. Alikuwa amefika usiku uliotangulia, kwa miguu. Hana kitambulisho, hana kadi ya mgao. Nilikuwa mimi kwenye njia. Akaniambia ameambiwa mama yake yuko kambi hii na anauza vitumbua, na penye mpira ndipo penye wauza vitumbua, basi anaomba apite amwangalie. Nikamuuliza ametoka wapi. Akataja kijiji. Ni kijiji ambacho sisi wote tunajua vijana wake kadhaa walienda porini kujiunga na Mashababu. Nikamwambia arudi kesho, akishaandikwa. Akasema, "Sawa, mwalimu." Alijua vipi kwamba mimi ni mwalimu? Labda kwa namna nilivyomhoji.

Mechi ikachezwa. Mtaa wetu ukashinda kwa penalti. Wageni wakapiga picha na mbuzi, wakaondoka salama. Jioni kamati tukapongezana: hakuna tukio. Tukaandika hivyohivyo kwenye daftari, "Hakuna tukio."

Mama yake alikuwa pale. Alikuwa anauza vitumbua upande wa pili wa uwanja, hatua mia mbili kutoka niliposimama. Usiku alisikia kwa majirani habari za kijana aliyezuiwa, mwenye kovu kwenye nyusi, akakimbia kumtafuta. Kijana alikuwa ameshaondoka. Aliona gari la mizigo linaelekea kusini akapanda, akifikiri kama mama hayupo hapa basi atakuwa Metuge au Pemba. Ilichukua wiki tano kumpata kwa simu, kupitia watu wa watu. Alikuwa mzima, alhamdulillahi. Angeweza asiwe.

Yule mama hakunitukana. Alikuja nyumbani kwangu, akakaa kwenye mkeka na mke wangu, akanywa chai, kisha akaniuliza: "Mwalimu, siku ile mlikuwa mnalinda nini?"

*

Nimemtafutia jibu tangu siku hiyo.

Jibu la kwanza lililonijia ni la kamati: tulikuwa tunalinda watu. Lakini mama yule ni mtu, na mwanawe ni mtu, na wote wawili walikuwa ndani ya kambi tuliyosema tunailinda. Kwa hiyo jibu hilo halitoshi. Jibu la kweli ni kwamba tulikuwa tunalinda siku. Tulitaka siku ipite bila doa mbele ya wageni. Nikitazama nchi zinavyojiandaa kwa mashindano naona ugonjwa uleule, kwa ukubwa zaidi. Mashindano yana siku ya kufungua na siku ya kufunga. Yakiisha bila tukio, mnapeana mikono. Hatari yetu haina filimbi ya mwisho, kwa hiyo haina siku ya kupongezana. Askari wa SADC walikuja Julai 2021 wakaondoka Julai 2024. Hatari haikuangalia kalenda yao. Kushirikiana kwa ajili ya mwezi mmoja ni rahisi kupendwa kuliko kushirikiana kwa ajili ya watu ambao shida yao haina tarehe.

Tena, mafanikio ya ulinzi hupimwa kwa lisilotokea. Bomu halikulipuka, basi tumefaulu. Lakini madhara ya ulinzi nayo mara nyingi ni lisilotokea: mama hakukutana na mwanawe, mtu hakupokewa mpakani, mshtakiwa hakupelekwa kwa hakimu. Haya mawili yanaandikwa daftari moja kwa maneno yaleyale. "Hakuna tukio." Mwenye daftari hawezi kuona tofauti. Aliyezuiwa peke yake ndiye anayeiona, na yeye hatumuulizi, maana tumeshamfukuza.

Nilimpa kisa hiki dada mmoja anayefanya kazi kwenye shirika, mtu ninayemheshimu. Aliniambia kwa uwazi: "Mwalimu, usijilaumu kupita kiasi. Kama ungempitisha na angekuwa amebeba kitu? Leo ungekuwa unaandika makala nyingine, au usingekuwepo kuandika." Ni hoja nzito, sitaki kuiruka. Watu 74 wa Kampala ndio uzito wake. Mimi mwenyewe nimezika.

Lakini nimeifikiria kama mwamuzi. Mwamuzi kabla ya mechi hukagua viatu. Anainama, anageuza soli, anaangalia kama kuna kitu cha kuumiza. Anakagua viatu vya timu zote mbili. Hamwambii mchezaji, "Wewe umetoka kijiji kile, kaa nje." Angefanya hivyo wangempiga, na wangekuwa na haki. Kijana yule alikuwa na mfuko mmoja wa plastiki. Dakika moja ingetosha kuufungua. Mimi sikuuomba hata mfuko. Nilikagua kijiji chake. Na kijiji alichozaliwa mtu hakikaguliki kikaisha. Hakuna dakika utakayosema sasa nimemaliza, pita. Ndiyo maana anayekagua asili huishia kufukuza, hata kama hakukusudia. Tena hapati usalama aliokuwa anautafuta, kwa sababu aliyebeba kitu huwa na karatasi nzuri na kijiji kizuri cha kutaja.

Kwa hiyo jibu langu kwa dada yule ni hili: nakubali geti liwepo, nakubali kukaguliwa, hata mimi na wajukuu wangu. Ninachokataa ni geti linalouliza umetoka wapi badala ya kuuliza umebeba nini. Na geti lolote linalomrudisha mtu liwe na mahali pa kumrudisha. Mimi nilimwambia yule kijana "rudi kesho", wala sikumwonyesha pa kulala leo. Hakukuwa na benchi, hakukuwa na maji, hakukuwa na mtu wa kuandika jina lake na kupaza sauti upande wa pili: jamani, nani anamtafuta mtoto wa hivi na hivi? Kazi hiyo ingehitaji mtu mmoja. Tulikuwa kamati ya watu tisa.

*

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaupenda msemo huu tukiutumia kuombea zawadi. Mimi nausikia tofauti sasa. Unasema kwamba ujio wa mgeni una kipimo, na kipimo hicho ni mwenyeji. Kama mgeni amekuja, amelindwa, ameondoka, na mwenyeji kabaki mgonjwa vilevile au kaumia zaidi, basi hatukuwa na mgeni, tulikuwa na maonyesho.

Wasomaji wa jarida hili wengine wanakaa kwenye mikutano. Ninyi mnaovaa fulana zenye nembo, mnaojuana na watu wa Dar, Nairobi na Maputo. Kabla ya 2027 mtasikia mengi juu ya kuimarisha mpaka wa Ruvuma kwa ajili ya AFCON, na mengine yatakuwa na sababu nzuri. Siwaombi mpinge. Naomba muulize mambo matatu. Orodha ya majina inayopita kati ya nchi na nchi, je, mtu aliyeandikwa humo kimakosa ana pa kusema, au ataingoja miaka sita kama wale watano? Askari wa mpakani wamefundishwa kumtambua anayekimbia, au kumtambua mgeni tu? Na mashindano yakiisha, mitambo, magari na mawasiliano yaliyonunuliwa yatabaki wapi: yatarudi ghalani, au kuna kijiji kitakachofikiwa nayo?

Na sisi wa kambini tusingoje mkutano wa mtu. Mwezi uliopita nilisimama mbele ya kamati nikaeleza kisa cha mama wa vitumbua, mwenyewe akiwepo. Haikuwa rahisi. Mjumbe mmoja alisema naidhalilisha kamati mbele za watu. Tumekubaliana hivi: kwenye sherehe yoyote ijayo, njia ya kuingilia itakuwa na benchi na ndoo ya maji, na atakaa pale mwanamke mmoja anayevijua vijiji na koo. Mifuko itafunguliwa, ya wote, kuanzia ya wajumbe. Aliyefika jana atakaguliwa kama aliyefika miaka mitano iliyopita.

Juu ya kibanda cha video hatujakubaliana. Mpwa wangu anataka mechi za usiku za 2027 zionyeshwe. Anasema vijana watalinda kwa zamu, sauti ipunguzwe, taa za nje zizimwe, na mtu awe na simu yenye salio ya kuita msaada. Wazee wanasema hapana, tumezika vya kutosha. Mimi nimeomba muda. Zamani ningesema amri ni amri na kufunga daftari. Sasa najua kwamba nikisema hapana, ninanyima kitu, na aliyenyimwa ana haki ya kuelezwa. Na nikisema ndiyo, shingo za watu ziko juu ya neno langu.

Juzi mama wa vitumbua alinipigisha simu ya mwanawe. Yuko kusini, anajifunza ufundi wa pikipiki. Niliomba radhi. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama ile mbuzi ilikuwa kubwa. Nikamwambia ilikuwa ya wastani. Akasema siku akija, tumpitishe aone mpira.